Saa ya Makao Makuu, Nafasi ya Platuni

Aprili 2025 NATO ilitangaza kuwa imenunua kutoka kampuni ya Palantir mfumo wa akili unde (AI) uitwao Maven Smart System NATO, utumike katika kamandi yake ya operesheni. Kilichonishughulisha ni fahari iliyokuja na tangazo hilo: kwamba tangu hitaji lilipoandikwa hadi mfumo ukanunuliwa ilipita miezi 6 tu, na kwamba kamanda sasa ataziona taarifa nyingi mahali pamoja na kuamua upesi. Tangu hapo wachambuzi wetu wengi wamekuwa wakirudia hofu moja. Wenzetu wanaamua kwa dakika, sisi tutaamua kwa siku, basi vita ijayo tumeshaipoteza kabla haijaanza. Na dawa wanayoiandika ni moja: kompyuta, satelaiti, droni, na jenerali mbele ya skrini pana.

Hoja hiyo imeshika mkia ikidhani imeshika kichwa. Kasi ya mkubwa kuamua ni sehemu ndogo tu ya wepesi wa jeshi. Sehemu kubwa iko katika namna jeshi lenyewe linavyouelewa wakati: ni mali ya nani, nani anautumia kwanza, na unapofika kwa askari wa mwisho umebaki kiasi gani. Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili, nalo ni nafasi. Mtu akisema "sina nafasi" huenda anazungumzia muda, huenda anazungumzia kiti ndani ya daladala, huenda anasikitikia bahati iliyompita. Jeshi jepesi ni lile ambalo mkubwa huwaachia wadogo nafasi kwa maana zote tatu. Mashine inayoharakisha makao makuu inaweza kuongeza nafasi hiyo, lakini inaweza pia kuila yote, na kwa jinsi ninavyowajua wakubwa, itaila.

Mzizi wa imani ya kasi ni rubani wa Marekani, John Boyd, aliyepigana Korea na baadaye akabuni mzunguko wa hatua nne: kuona, kujielekeza, kuamua, kutenda. Boyd alijiuliza kwa nini ndege ya F-86 iliishinda MiG-15 wakati MiG ilipaa juu zaidi na kupanda kwa kasi zaidi. Jibu lake lilikuwa kwamba rubani wa F-86 aliona vizuri kupitia kioo chake cha duara, na usukani wenye nguvu za haidroliki ulimwezesha kuacha mwendo mmoja na kuingia mwingine bila kuhangaika. Waliomfuata walibeba nusu ya fundisho: zungusha mduara haraka kuliko adui. Wakasahau kwamba rubani ni mtu mmoja. Jicho, kichwa na mkono wake viko kwenye kiti kimoja. Brigedi haiko hivyo. Jicho lake ni koplo aliyelala kwenye mtaro, kichwa chake kiko kilomita 30 nyuma penye jenereta, na mkono wake ni koplo mwingine ambaye hajawahi kuonana na hicho kichwa. Ukikiongezea kichwa kasi bila kugusa njia iliyopo kati yake na mkono, unachopata ni kichwa chenye haraka. Boyd mwenyewe aliipa uzito mkubwa hatua ya pili, kujielekeza, yaani namna mtu anavyoielewa hali kabla ya kuamua. Hatua hiyo hainunuliwi kwa zabuni.

Tuichukue hesabu, kwa sababu hapa ndipo jambo linapoonekana kwa macho. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina kanuni ya zamani ya theluthi: kamanda atumie theluthi moja ya muda uliopo kupanga, na theluthi mbili awaachie walio chini yake. Tuseme brigedi imepata amri saa 12 jioni na shambulio ni saa 12 asubuhi. Ni saa 12 kamili. Brigedi ikichukua saa 4 inabakiza 8. Kikosi kikichukua theluthi yake kinabakiza saa 5 na dakika 20. Kombania ikifanya vivyo hivyo, kiongozi wa platuni, kundi dogo lililo chini ya kombania, anapata kama saa tatu na nusu. Atagawa risasi, atakwenda kuchungulia ardhi wakati mwezi haujazama, atawaeleza vijana wake nani ashike wapi, pengine watalala saa moja. Sasa igeuze kanuni. Kila ngazi ijipe theluthi mbili na kuacha moja, jambo ambalo ofisi zetu nyingi za kiraia hulifanya kila wiki bila kulipa jina. Brigedi inabakiza saa 4. Kikosi kinabakiza saa 1 na dakika 20. Kombania inaiachia platuni dakika 27, gizani. Jeshi ni lile lile, silaha ni zile zile, saa ukutani ni ile ile.

Mashine mpya ikiweza kufupisha kazi ya brigedi kutoka saa 4 hadi saa 1, swali la pekee lenye maana ni saa 3 zilizookolewa zinakwenda kwa nani. Zikishuka, platuni inapata muda wa kuoga. Zikibaki juu, mkuu ataagiza mpango wa pili na wa tatu ili alinganishe, ataomba picha nyingine ya droni, atauliza kwa nini gari lile limesimama chini ya mwembe. Kila swali linaloulizwa juu linajibiwa na mtu wa chini kwa muda wake. Kuona zaidi huzaa kuuliza zaidi. Aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi mwenye kikundi cha WhatsApp ananielewa.

Historia ina mfano mmoja ambao hunirudia kila mara, nao ni Sedan, mji wa Ufaransa kando ya Mto Meuse, Mei 1940. Ufaransa haikuwa na upungufu wa vifaru wala wa askari. Ilikuwa na mafundisho ya kivita yaliyouona wakati kama ratiba ya reli: mizinga ifike, risasi zirundikwe, mstari wa kwanza, subiri, mstari wa pili, subiri. Kila hatua iliongozwa kutoka juu. Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi, alikaa kwenye ngome ya Vincennes, kando ya Paris, katika makao makuu ambayo hayakuwa na redio. Alitegemea simu na watarishi wa pikipiki, na alipotaka kuzungumza vizuri na Jenerali Georges, aliyeongoza mapambano ya kaskazini-mashariki, alipanda gari akamfuata. Watu humcheka kwa hilo la redio. Mimi naona kosa lake lilikuwa la ndani zaidi. Majenerali wake walikadiria kwamba Wajerumani wakifika Mto Meuse watahitaji siku kadhaa kuleta mizinga yao kabla ya kuvuka, kwa sababu wao wenyewe wangehitaji siku kadhaa. Waliupima wakati wa adui kwa saa iliyo mkononi mwao. Jenerali wa Kijerumani Guderian alifika, akatumia ndege badala ya mizinga iliyokuwa bado barabarani, akavuka tarehe 13 Mei mchana.

Namna amri ya kuvuka ilivyoandikwa inafaa kusimuliwa. Muda ulikuwa mfupi, basi Guderian na maofisa wake wakatoa kwenye makabati amri za zoezi walilolifanya Koblenz miezi ya nyuma, wakabadilisha tarehe na saa, wakazituma. Ndiyo, amri ya moja ya mashambulio makubwa ya karne ile ilikuwa karatasi ya zoezi iliyorekebishwa saa. Kasi hiyo haikutoka kwenye chombo chochote. Ilitoka kwenye muda uliotumika mapema, wakati hakuna aliyekuwa akipigwa risasi, kuwafanya watu waelewane hata wasihitaji maneno mengi. Jioni ile ile upande wa pili wa mto, askari wa Divisheni ya 55 ya Ufaransa walisikia uvumi kwamba vifaru vya Kijerumani viko Bulson, wakakimbia. Hakuna kifaru cha Kijerumani kilichokuwa kimevuka mto saa hiyo. Shambulio la kujibu lilipangwa lifanyike usiku, likangoja amri rasmi, likangoja barabara zifunguke, likaanza asubuhi ya tarehe 14. Daraja la muda lilikuwa limekamilika usiku, na safari hii vifaru vilikuwepo kweli.

Nisieleweke kana kwamba Wajerumani walikuwa malaika wa wepesi. Tarehe 24 Mei vifaru vyao vilisimamishwa kwa amri kutoka juu, vikasimama hadi tarehe 26, na wakati huo huo Waingereza wakajiandaa kuondoka kupitia Dunkirk. Jeshi lile lile lililowaachia wadogo nafasi Sedan liliwapokonya siku kumi na moja baadaye.

Kwa wanaodhani mambo ya pikipiki yaliisha na 1940, kuna zoezi la Marekani la mwaka 2002 lililoitwa Millennium Challenge. Jenerali mstaafu Paul Van Riper alicheza kama adui. Alijua redio zake zitasikilizwa, akatuma watarishi wa pikipiki na ishara za taa, na inasimuliwa kwamba alificha ujumbe ndani ya wito wa sala misikitini. Katika mchezo ule alizizamisha meli 16 za upande wenye kompyuta. Waandaaji wakazifufua meli, zoezi likaendelea. Maofisa wake walikuwa wanajua anachotaka, wakatenda kwa wakati wao, na ujumbe wa pikipiki ulitosha kwa sababu haukuhitaji kubeba mengi.

Upande wa pili una hoja zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba yapo mapambano ambayo hayampi mtu nafasi ya aina yoyote. Kombora likishapaa, zimebaki dakika au sekunde, na hapo mashine inayoamua upesi ni uhai. Nakubali bila kusita. Vita ya Ukraine imeonyesha pia kwamba programu kwenye tableti, kama ile iitwayo Kropyva, imefupisha sana muda kati ya kumwona adui na kumpiga mzinga. Lakini tazama ilipowekwa. Imo mikononi mwa walioko kwenye mizinga yenyewe. Programu ile imeshusha uamuzi chini, na hilo kwangu ni tofauti kama usiku na mchana na skrini ya jenerali.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na ni yetu. Serikali nyingi za Afrika huwafunga makamanda kamba fupi kwa makusudi, kwa kuogopa mapinduzi. Kikosi kisichoweza kuondoka kambini bila saini tatu ni kizito mbele ya adui, lakini ni kizito pia kuelekea ikulu. Anayepuuza hofu hiyo hajasoma historia ya nchi hii: Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi likavunjwa, na Septemba mwaka huo ikaundwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Uzito huo ni bima, na bima ina malipo yake. Ninachowadai wanaoitetea ni uaminifu: waseme wazi kwamba wamenunua usalama wa ikulu kwa muda wa platuni, wasije baadaye wakalaumu uchache wa satelaiti.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema Mwafrika hana wakati. Inakuja imevaa suti ya kitaaluma. Mwaka 1969 mwanateolojia Mkenya John Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati, akadai kwamba katika fikra hizo muda ujao ukizidi takriban miaka miwili karibu haupo. Mbiti alikuwa msomi makini aliyezungumzia dini, na wenzake wamembishia kwa heshima. Tatizo ni wanaomchukua hadi kwenye mipango ya kijeshi na kusema ndiyo maana majeshi yetu hayajipangi. Lugha wanayoitaja inawasuta. Ina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, siku nne mbele kila moja na jina lake, wakati lugha nyingi za hao wanaotufundisha mipango huishiwa na majina siku ya pili. Watu wa mwambao waliendesha biashara na Arabuni kwa kuhesabu pepo za kusi na kaskazi miezi mingi kabla. Nahodha aliyechelewa kuondoka na kusi alikuwa amepoteza mwaka. Kama hiyo si hesabu ya muda ujao, sijui ni nini. Tena saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua. Kwa askari wa miguu, ambaye maisha yake ni mwanga na giza, siioni kama upungufu.

Vita ya Kagera inaizika hoja hiyo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, wakati sehemu ile ya mpaka ina askari wachache. Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, lakini hakumpiga siku iliyofuata. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa, jeshi lilipaswa kusafirishwa kutoka upande wa pili wa nchi kwa reli, mabasi na malori ya kiraia, na wanamgambo kwa maelfu wafunzwe. Askari wetu waliingia Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, Januari 1979. Karibu miezi mitatu. Angekuwepo mchambuzi wa kasi angesema hili ni jeshi zito. Halafu Masaka ikaanguka Februari 24, na Kampala ikawa mikononi mwao Aprili 11, chini ya wiki saba baadaye.

Katikati ya wiki hizo kuna Lukaya, mji ulio kwenye njia ya kwenda Kampala. Machi 10 Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ilipigwa na askari wa Amin pamoja na Walibya wenye vifaru na maroketi ya Katyusha, ikatawanyika. Meja Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, hakuwa na picha ya angani ya kumwonyesha nani yuko wapi. Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, upande wa kaskazini-magharibi. Iliamriwa igeuke usiku ule, iende kukata njia ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 ilikuwa hapo, na siku hiyo mambo yaligeuka. Mpango wa namna hiyo hauwezi kupangwa kona kwa kona kutoka juu. Anayeutoa anataja mahali na muda, kisha anamwachia brigedia usiku mzima auendeshe apendavyo.

Marehemu mjomba wangu alivuka Mutukula akiwa mwanamgambo, na kazi yake ilikuwa kubeba betri ya redio mgongoni. Alikuwa na usemi kwamba amri za kule zilikuwa fupi kuliko barua ya kuomba ruhusa. Alisimulia pia kwamba sajini wao alitaja kila saa mara mbili, kwanza kijeshi kisha Kiswahili: sifuri-tano-sifuri-sifuri, saa kumi na moja alfajiri, halafu akamnyooshea mmoja kidole arudie. Kati ya saa hizo mbili kuna tofauti ya saa 6, na kikosi kinachochelewa saa 6 kinakuta maiti. Ule urudiaji ulikuwa polepole. Nadhani uliokoa muda mwingi kuliko ulioutumia.

Linganisha na Somalia. AMISOM, misheni ya kijeshi ya Umoja wa Afrika dhidi ya wapiganaji wa Al-Shabaab, iliingia Machi 2007, ikaitwa ATMIS Aprili 2022, na tangu Januari 1, 2025 ni AUSSOM. Kila nchi ilipewa eneo lake, na kamanda wa eneo, licha ya kuwa na mkuu wake Mogadishu, alisikiliza zaidi simu kutoka mji mkuu wa nchi yake. Baraza la Usalama liliiruhusu misheni iwe na helikopta 12 mwaka 2012, na kwa miaka zilibaki kwenye karatasi. Kambi ya Wakenya ya El Adde iliposhambuliwa alfajiri ya Januari 15, 2016, ilionekana wazi kambi ya mbali inakuwaje pale saa tatu tofauti zinapoiendesha: ya kambi, ya Mogadishu na ya nyumbani. Juu ya hizo kuna kalenda ya New York, ya Baraza la Usalama, inayotaja tarehe ya kupunguza askari hata kabla mvua haijajulikana itanyesha lini. Al-Shabaab wanaisoma kalenda hiyo kama tunavyoisoma sisi, maana huchapishwa hadharani.

Kwa hiyo bunge lolote la kanda yetu likiletewa bajeti ya mfumo wa akili unde kwa ajili ya makao makuu, lisianze na bei. Liulize kwanza saa zitakazookolewa zimeandikiwa nani, na kama ipo kanuni inayomkataza mkuu kuzirudisha mfukoni mwake. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikikutana tena kwa zoezi la Ushirikiano Imara, majeshi ya lugha na mafunzo mbalimbali chini ya amri moja, ningeomba kitu kimoja kisicho na gharama. Awekwe ofisa mmoja mwenye daftari kwenye kila ngazi, aandike amri imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi. Jioni ya mwisho, kabla ya hotuba, daftari la platuni lisomwe mbele ya majenerali, dakika kwa dakika.